Tulivuka au Tumevuka? Kihispania cha Jumamosi hapa Busia

Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu sisi wa upande wa Busia na Tororo. Wengi mmetuuliza kwa nini tunajifunza Kihispania na hata Kiingereza bado kinatusumbua. Wengine mmecheka, ati hawa wanataka kwenda kuchezea Barcelona. Hapana jamani. Tutawaambia sababu, halafu tutawaonyesha kitu kimoja tu ambacho tumekishughulikia miezi hii: jinsi ya kusema jambo lililokwisha pita. Hicho kimoja kimetukalisha kwenye benchi Jumamosi nyingi.

Sababu ni rafiki yetu mmoja aliyehamishiwa Marekani na familia yake. Alipata kazi kiwanda cha kuku. Aliondoka hapa akijua Kiingereza chake cha sekondari kitamtosha, kumbe pale kwenye mstari wa kukata kuku waliomzunguka wanatoka Guatemala na Honduras, na tangu asubuhi hadi kutoka kazini ni Kihispania tu. Siku moja akatutumia ujumbe wa sauti. Akasema kuna neno analisikia kila wakati wa chakula, watu wakisimulia mambo yao ya mipakani: cruzamos. Anajua ni kuvuka. Lakini hajui kama wanasema wamevuka, wanavuka, au walivuka zamani, na anaona aibu kuuliza. "Niulizieni nyinyi wenye muda," akasema, kana kwamba sisi huku hatuna kazi.

Basi neno kuvuka lilitushika. Hapa Busia kuvuka ni kazi ya kila siku. Si mnajua hata jina boda boda watu husema lilizaliwa hapa hapa miaka ya 1960, vijana wa baiskeli wakibeba abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Mtu anavuka kununua unga, anavuka kuuza nyanya, anavuka kwenda kunyolewa. Na zamani zaidi hapakuwa hata na mahali pa kuvukia: mpaka 1902 nchi yote hii, Busia, Kisumu, hadi kule Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza wakachora upya, watu waliolala Uganda wakaamka upande mwingine bila kuinua mguu.

Lakini wengi wetu tulivuka mara moja ambayo si ya sokoni. Uchaguzi wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na moto ukawaka. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu waliouawa 1,133. Maelfu walikuja Uganda kupitia Busia na Malaba, wakalala kwenye madarasa ya shule, wakapelekwa Mulanda kule Tororo, na baadaye Kiryandongo, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Masindi. Sisi tulikuwa watoto, wengine mgongoni. Sasa tuna miaka ishirini na kitu, wengine tunajitolea kambini, wengine tumerudi huku mpakani kutafuta riziki, na kikundi chetu kimepata pia ndugu wa Congo na wa Sudan Kusini. Dada mmoja wa Bukavu ndiye anayetuongoza kwa Kihispania, maana alisoma Kifaransa, na hizo lugha mbili ni kama watoto wa mama mmoja. Tuna kitabu kimoja kilichochakaa na simu tatu. Bando tunachangia.

Haya, tuingie kwenye somo.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba Kiswahili kinaweka mambo mbele na Kihispania kinayaweka nyuma. Chukua tulivuka. Tu- inasema ni nani, -li- inasema ni lini, halafu ndiyo kinakuja kitendo chenyewe, vuka. Mpaka mtu afike kwenye kitendo ameshajua nani na lini. Kihispania kinaanza na kitendo, halafu mkia mmoja mfupi unabeba yote mawili, nani na lini, umefungwa pamoja huwezi kuutenganisha. Ndiyo maana lazima usikilize neno hadi mwisho. Ukizoea kukata maneno ya mwenzako katikati, umepotea.

Vitenzi vyao vinaishia kwa -ar, -er au -ir. Unakata hizo herufi mbili, unabaki na shina, halafu unapachika mkia. Kwa hablar, kuongea, shina ni habl-, na wakati uliopita unakwenda hivi:

hablé, niliongea
hablaste, uliongea
habló, aliongea
hablamos, tuliongea
hablasteis, mliongea
hablaron, waliongea

Hilo la tano, hablasteis, linatumika Hispania. Watu wa Guatemala na Honduras, yaani wale wa rafiki yetu, hawalitumii. Wakisema nyinyi wanatumia ustedes, na kitenzi kinakuwa kama cha wao: ustedes hablaron. Kwa hiyo tulilipiga mstari daftarini tukaokoa nguvu.

Vitenzi vya -er na -ir vina bahati, vinagawana mikia ile ile. Correr, kukimbia: corrí, corriste, corrió, corrimos, corrieron. Vivir, kuishi: viví, viviste, vivió, vivimos, vivieron. Ukijua kimoja umejua vyote vya kawaida. Kwa lugha ambayo kila mtu anasema ni ngumu, hii ni zawadi.

Ugumu ulikuja kwenye sauti, na hapa tunataka kukaa kidogo kwa sababu hakuna kitabu kilichotuambia. Kiswahili kinakaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kila siku. Tu-li-VU-ka. M-pa-KA-ni. Ulimi wetu umezoea hivyo tangu utotoni. Sasa angalia: hablaste, ha-BLAS-te, inakaa vizuri mdomoni. Hablamos, ha-BLA-mos, vizuri. Hablaron, vizuri. Lakini hablé na habló zinataka nguvu iende mwisho kabisa: ha-BLO. Ulimi wa Kiswahili unakataa, unavuta nyuma, unasema HA-blo. Na HA-blo ni neno lingine kabisa: hablo, ninaongea. Umetaka kusema yeye aliongea jana, umesema mimi naongea sasa. Mkazo ukihama kidogo, mtu amebadilika na wakati umebadilika, vyote kwa pamoja. Hablé nayo ukiivuta nyuma inakuwa hable, ambayo ni kumwambia mtu kwa heshima aongee. Kaka mmoja wetu wa boda alikuwa anatufanyia mazoezi kwa sauti pale stendi ya Tororo, trabajó, trabajó, alifanya kazi, alifanya kazi, na wenzake wakadhani anaita abiria.

Kwa hiyo shida iko kwa mimi na yeye. Kwa sisi na wao ulimi wetu unapita tu. Dada wa Bukavu alisema labda ndiyo sababu tunapenda kusimulia kwa sisi. Alikuwa anatania, lakini mnaona hata ukurasa huu tunaandika hivyo.

Sasa turudi kwa cruzamos. Kitenzi ni cruzar. Nilivuka ni crucé. Z inageuka c kwa maandishi tu, sauti haibadiliki. Tulivuka ni cruzamos. Na tunavuka? Ni cruzamos vilevile! Neno moja, bila alama hata moja ya kutofautisha. Kwa vitenzi vyote vya kawaida vya -ar na vya -ir, sisi wa leo na sisi wa zamani tunaandikwa sawasawa. Hablamos, tunaongea, tuliongea. Vivimos, tunaishi, tuliishi. Vya -er tu ndivyo vinatofautisha: corremos ni tunakimbia, corrimos ni tulikimbia.

Kwa hiyo rafiki yetu hakuwa mjinga. Alisikia vizuri. Neno lenyewe halisemi lini, unategemea maneno ya jirani: ayer ni jana, anoche ni jana usiku, el año pasado ni mwaka uliopita, en 2008 inajieleza. Tukamjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne: usisikilize cruzamos, sikiliza kilichotangulia. Wakisema ayer, ni jana. Wakisema mañana, basi kuna mtu anavuka kesho, na wewe nyamaza.

Siku ile tulipofika kwenye esperar, somo lilisimama. Esperar ni kusubiri. Pia ni kutumaini. Kitenzi hicho hicho. Wewe piga hesabu: esperamos ni tunasubiri, tulisubiri, tunatumaini, tulitumaini, maana nne katika neno moja. Mama mmoja ambaye huja kukaa nasi na mtoto wake, hasomi lakini anasikiliza, aliomba tumrudilie. Akasema, hao watu waliotunga hiyo lugha nao walikaa kwenye foleni. Tulicheka, halafu hakuna aliyetaka kuendelea haraka.

Ndipo mazungumzo yakahamia kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Hapo tunaomba nyinyi wa mashirika msome polepole.

Kihispania kinatuchanganya kwa sisi. Lakini Kiswahili kinawachanganya wengine kwa -li- na -me-, na sisi ndio tunaolipa. Familia moja tunayoijua ilihojiwa zamani katika ofisi moja, hatutaitaja. Mama akaulizwa historia yake. Akasema, tumekaa Mulanda, halafu tukaletwa hapa. Kwetu sentensi hiyo haina shida, anahesabu alikopitia. Lakini tumekaa, ukiisikia peke yake, inaweza kuwa bado tuko pale, kama vile mtu akisema amekaa, unaelewa yuko kwenye kiti sasa hivi. Mkalimani aliandika kwamba familia inaishi Mulanda. Mahojiano ya pili wakaulizwa: mbona karatasi inasema mko Tororo na nyinyi mko hapa? Mnadanganya wapi? Kurekebisha silabi moja kulichukua zaidi ya mwaka. Kama angesema tulikaa, mlango ungefungwa pale pale.

Na si Wakenya tu. Ndugu zetu wa Congo wana namna yao, wanaongeza mkia nyuma: tulikalaka, nilikuyaka, alifanyaka. Kwao mkia huo unasema ni jambo la zamani, au jambo walilokuwa wakilifanya mara kwa mara. Mkalimani aliyesoma Kiswahili cha Tanzania au cha shule za Kenya anausikia kama ulimi uliojikwaa, anauacha. Lakini ndani yake kuna habari. Ukisema tulilimaka kule, umesema kilimo kilikuwa maisha yenu, siyo kwamba mlilima siku moja. Kumbe Wahispania nao wana tofauti hiyo, wameiwekea wakati wake kabisa: vivimos ni tuliishi, ikaisha, vivíamos ni tulikuwa tunaishi, hivyo ndivyo maisha yalivyokuwa. Dada wa Bukavu alifurahi sana siku hiyo. Alisema shuleni walimpiga kwa sababu ya -aka, na sasa ameikuta kwenye kitabu cha watu wa Ulaya imevaa nguo nzuri.

Huku Uganda nako kuna Kiswahili cha kusema jana mimi nakwenda Tororo. Watu wa pwani wakisikia wanashika kichwa. Lakini umeelewa, si ndiyo? Neno jana limeshafanya kazi. Ni kama ayer na cruzamos.

Na ile -ka- yetu ya kusimulia, tukaondoka, tukafika, tukalala, hiyo Kihispania hakina. Wao wanarudia mkia ule ule kila kitenzi: salimos, llegamos, dormimos. Sisi tunaweka -li- moja mwanzoni halafu -ka- zinafuata kama mabehewa ya treni ya Malaba. Ni raha kusimulia. Hatari yake ni kwamba -ka- peke yake haisemi mwaka. Mkalimani akikosa ile -li- ya mwanzo, msururu wote unaning'inia hewani. Tunaojitolea kwenye dawati la wageni kambini sasa tunawaambia watu: kila ukianza sehemu mpya ya habari yako, anza na tarehe na -li-. Mwaka 2008 tulivuka Busia. Halafu endelea na -ka- zako. Si sheria ya sarufi, ni ya kujikinga.

Kuna jambo lilileta ubishi. Kitabu chetu, kama vitabu vyote vya lugha, kilitoa zoezi: andika sentensi kumi kuhusu safari uliyofanya. Wengine walianza kuandika corrimos, caminamos, tulikimbia, tulitembea kwa miguu. Dada mmoja aliweka kalamu chini. Akasema yeye alishaeleza safari hiyo kwa ofisi, kwa mwandishi wa habari, kwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja na dodoso, kwa mtu wa kupiga picha. Kwa nini aieleze tena kwa ajili ya kupata alama za sarufi? Kaka mwingine akabisha, akasema kwake ni nafuu, kwa lugha mpya maneno hayana uzito, corrimos haimuumi kama tulikimbia inavyomuuma. Wote wawili tuliwaelewa. Hatukupiga kura. Tulikubaliana tu kwamba zoezi ni wakati uliopita, na jana pia imepita.

Hivyo tukaandika ya jana. Ayer compré azúcar en Busia, jana nilinunua sukari Busia. Mi hermana vendió tomates, dada yangu aliuza nyanya. Esperamos el autobús, tulisubiri basi. El policía habló mucho, polisi aliongea sana. Hiyo ilipata vicheko kwa sababu kila mtu anaijua. Comimos chapati con huevos, tulikula chapati na mayai, yaani rolex, na tukakubaliana rolex haitafsiriki. Yule kaka mwingine aliandika zake za 2008, akazisoma kwa sauti, tukamsahihisha lafudhi tu: mwishoni, kaka, nguvu mwishoni. Crucé. Llegué.

Kwa walimu wa kujitolea mnaokuja kutufundisha Kiingereza au chochote, tunawaomba hilo. Kichwa cha insha kisiwe safari yako ya ukimbizi kila mara. Tuulizeni tulikula nini jana. Atakayetaka kusema mengine atasema mwenyewe, na kitenzi kitakuwa sahihi vilevile.

Kukanusha ni rahisi mno, tusikae hapo. Sisi tuna hatukuvuka kwa jambo lililopita na hatujavuka kwa jambo linalongojewa. Wao wanaweka no mbele, no cruzamos, basi. Hatujavuka wanaongeza neno la bado, todavía, na kitenzi kinabadilika kwa namna ambayo hatujafika.

Rafiki yetu ametutumia jibu wiki iliyopita. Wakati wa chakula aliuliza mzee mmoja wa Guatemala kwa Kihispania chake cha kuokoteza: ¿Cuándo cruzaron?, mlivuka lini? Mzee akaacha kula, akamwangalia, akajibu mwaka. Halafu akamrudishia swali: ¿Y ustedes? Rafiki yetu alivuka na mama yake mwaka 2008, akiwa mgongoni. Alisema alitaka kujibu cruzamos en 2008 lakini hakujua namba inavyotamkwa, akaandika kwa kidole kwenye meza. Tumemtumia namba: dos mil ocho.

Jumamosi ijayo tunaanza vitenzi vikaidi, vile visivyofuata mikia hii. Tumechungulia kurasa za mbele na tayari tuna wasiwasi, maana fuimos ni tulikwenda na pia ni tulikuwa, kitu kimoja kwa vitenzi viwili. Tunakutana saa nane mchana, mahali pale pale nyuma ya soko. Wa Tororo mkikosa nauli semeni mapema, yule kaka wa boda anarudi huku akiwa mtupu siku za Jumamosi. Mwenye kalamu ya wino mwekundu alete, za kuweka alama juu ya herufi zimeisha.